Jina la Mtoto wa Sandukuni

Hapo zamani, wala si zile zamani za fisi kusema na watu, ni zamani za juzijuzi tu, simu zimeshajaa mifukoni, alikuwako mama mmoja huko Rungwe aitwaye Bibi Gwantwa. Alikuwa na wajukuu wengi, na wote wa kiume. Katika ukoo wao, mjukuu wa kike wa kwanza hupewa jina na bibi mzaa baba, na mabibi wote waliomtangulia walijipa wajina bila haya. Bibi Gwantwa alimsubiri wajina wake mpaka meno yakaanza kumtoka. Usicheke, ukifika umri ule utaelewa.

Basi mkwewe, Bupe, akajifungua mtoto wa kike. Lakini mtoto alikuja kabla ya wakati wake, mdogo, kiatu cha baba yake kingemtosha kuwa kitanda. Mvua ilikuwa imekata barabara ya mjini na kuangusha nguzo za umeme, na zahanati ya kijiji ilikuwa baridi tupu. Bupe naye akapandwa na homa, akawa hajitambui. Nesi akampa Bibi mtoto. "Mama, mweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Ukipoa wewe, kapoa na yeye." Bibi akamweka, akajifunga khanga. Lakini kifua cha mzee kina kikomo chake, na tayari alikuwa anatetemeka.

Nesi akasema, "Sanduku la mbao ninalo. Balbu zipo, betri ya sola ipo. Ninachokosa ni mlinzi. Balbu zikiachwa zitamuunguza, zikizimwa atapoa. Nataka mlinzi asiyesinzia."

Ndipo akaja Sekela, binti wa jirani, mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Alikuwa nyumbani akimalizia kazi ya mtihani wake wa mwisho, mashine ya kukaushia majani ya chai. Roho ya mashine ile ilikuwa bodi moja ndogo, pana kama kadi ya benki, ina pini huku na huku, ina kitaa, ina tundu la waya wa USB. Ukiifundisha, inapima joto, inawasha, inazima, haichoki wala haiombi chai. Sekela akaibeba mashine hadi zahanati, akaanza kuichomoa bodi, waya mmoja mmoja. Mwenzake wa chuoni aliyekuja naye, Atuganile, akamshika mkono. "Mtihani ni Jumatatu. Utasimama na nini mbele ya walimu?"

"Na mikono yangu," Sekela akasema, akaendelea kuchomoa.

"Je, pamepata moto?" Bibi akauliza habari za sanduku, mtoto angali kifuani.

"Bado, Bibi."

Lakini bodi ilijua chai, haikumjua mtoto, na bodi isiyofundishwa ni kibao tu. Akaja Lugano, kijana anayefundisha hesabu sekondari ya kata, na laptopu yake kwapani. Akaunganisha waya wa USB, akaiandikia bodi maelekezo: joto likishuka, washa balbu, likipanda, zima. Nesi akadhani kazi imekwisha. Lugano akasema, "Bado. Waya wa kipimajoto ukichomoka je? Bodi itadhani mtoto yuko kwenye barafu, itawasha mpaka imuunguze." Akaandika tena: ukikosa habari za kipimajoto, zima balbu na upige kelele. Watu wakanung'unika kwamba anamaliza chaji kwa mambo ambayo hayajatokea. Akawaomba wanung'unike kimyakimya.

"Je, pamepata moto?"

"Bado, Bibi."

Wakajaribu, balbu zikawaka. Wakachomoa waya wa USB ili bodi iache laptopu itumie betri. Balbu zikazima. Wakachomeka, zikawaka. Wakachomoa, zikazima. Na laptopu ilikuwa inakata roho. Lugano akaapa kwamba maelekezo hayana kosa. Sekela akaapa kwamba betri ni nzima. Ila nyumbani kwake, siku zote, bodi aliichomeka kwenye laptopu, kwa betri hakuijaribu.

Atuganile hakuapa. Aliipeleka bodi dirishani na waya wake, akaisoma polepole, tundu kwa tundu, herufi kwa herufi. Akakuta pini tatu zimesimama pamoja, na kidaraja cheusi kimeunganisha mbili. Kidaraja hicho ndicho kinachoiambia bodi ikale umeme wa wapi, wa USB au wa betri. Kilikuwa upande wa USB. "Maskini, kumbe imekatazwa kula kwingine," akasema. Akakichomoa kwa ukucha, akakihamishia upande wa pili. Laptopu ikazima. Balbu zikabaki zinawaka.

"Je, pamepata moto?"

"Pamepata, Bibi. Mlete."

Bibi alimlaza mtoto sandukuni, akalia mbele za watu wala hakujificha.

Kesho yake, kwa mapenzi tu, akaona sanduku halina joto la mtu, akamwongezea mtoto khanga ya pili. Khanga ikavuta waya wa kipimajoto. Bodi ikazima balbu, ikapiga kelele, nesi akaja mbio akaurudisha.

Mtoto akanenepa, Bupe akapona, ikafika siku ya kumtoa mtoto juani. Siku hiyo bibi husimama mlangoni akaita jina, majirani wasikie. Bibi Gwantwa akawaita wale watatu. "Mtoto atachukua jina la mmoja wa waliomwokoa, nami ndiye nitakayelitaja. Sitaki unyenyekevu hapa. Kila mtu aseme chake."

Sekela akasema, "Bodi ilikuwa yangu, Bibi, na mtihani niliofeli ni wangu. Mwaka nauanza upya. Wenzangu walitoa akili, na akili ukiitoa unabaki nayo. Mimi nilichotoa sikubaki nacho."

Lugano akasema, "Wote walimkinga na baridi. Mimi nilimkinga na moto, tena kabla haujaja. Habari za ile khanga unazijua mwenyewe." Bibi akatazama chini.

Atuganile akasema, "Bodi ilikuwepo, maelekezo yalikuwepo, na balbu zilikuwa zimezima. Nilisogeza kitu kidogo kuliko punje ya hindi, sikatai. Lakini nyote mlikitazama, na aliyekiona ni mimi."

Bupe akasema kutoka mkekani, "Na kifua je? Mlipokuwa mkihangaika na pini, mwanangu alikuwa anaishi wapi? Mama, jina lako bado unalitaka?"

"Nalitaka," Bibi akasema. "Nalitaka sana, nisikudanganye. Ndiyo maana naogopa kufungua kinywa."

Akamchukua mtoto, akasimama mlangoni. Majirani wakasogea.

Wala usinijibu kwamba apewe majina yote manne. Rungwe hatumrundikii mtoto majina kama magunia ya viazi. Ni jina moja, na hata Lugano kwetu huitwa wa kike pia. Alilolitaja Bibi nalijua, na nusu ya majirani walipiga vigelegele, nusu wakaguna. Mimi sikwambii mpaka useme wewe. Je, nani alistahili?