Sufuria la Kwamzushi na Kura Iliyolala Kitandani

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme bali zamani ya masanduku ya kura, palikuwa na nchi iliyobadilisha vyama kama mtu abadilishavyo shati siku ya joto. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, Taa na Mwavuli. Taa kikagawanyika, nusu yake ikahamia Mwavuli. Mwavuli nacho kikagawanyika, nusu yake ikarudi Taa. Na kwa kuwa siku zile watu wa vyama tofauti hawakusalimiana, mtaa wa Kwamzushi ulipata taabu kubwa: majirani walionuniana asubuhi walilazimika kukumbatiana adhuhuri, kisha redio ikisoma taarifa ya jioni, wakanuniana upya.

Mtaa huo ulikuwa na sufuria la shaba, kubwa kiasi cha kupikia pilau ya watu mia tatu. Lilikuwa mali ya wote, na mtunzaji wake alikuwa Bi Mize. Harusi isiyopikiwa humo haikuhesabiwa kuwa harusi. Tena lilikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyethubutu kulivunja: nyumbani kwa mtunzaji akiwapo mtu anayekata roho, sufuria halitoki, maana laweza kuhitajika kwa matanga saa yoyote.

Bi Mize aliishi na kaka yake, Mzee Khatibu, mfuasi wa Taa tangu siku kilipoanzishwa, pamoja na Zume, mjukuu wa huyo mzee. Zume alikuwa amechumbiwa na Shaame, kijana wa nyumba ya Mwavuli. Harusi yao ilikwisha kuahirishwa mara mbili kwa ajili ya vyama, na wazazi wa Shaame waliapa kwamba ikiahirishwa mara ya tatu, posa itavunjwa. Basi harusi ikapangwa Ijumaa. Uchaguzi wa kwanza wa wabunge ukapangwa Jumatano ya wiki hiyo hiyo.

Jumatatu wakaja watu wa Taa. Walilitaka sufuria kuwalisha wapiga kura Jumatano na kusherehekea ushindi Ijumaa. Hawajavuka kizingiti kutoka, wakaja watu wa Mwavuli, nao walilitaka kwa mambo yale yale. Bi Mize akawaambia wote kwamba Ijumaa ana harusi. Taa wakajibu kwamba ushindi hauahirishwi. Mwavuli wakajibu kwamba ushindi hauahirishwi. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi ule kwa vyama viwili hivyo kuafikiana. Wakaaga wakisema watarudi kesho, na watakaotangulia watalibeba, mtunzaji apende asipende.

Walipokwisha kuondoka, Bi Mize akamgeukia kaka yake.

"Kaka, lala."

"Nilale alasiri hii?"

"Lala ukate roho. Mpaka Ijumaa."

Mzee Khatibu akauliza kura yake itapigwa na nani. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuulizwa na serikali yoyote anataka nini. Bi Mize akamwonyesha kwa kidevu Zume, aliyekaa uani akishona pindo la nguo ya harusi kwa mara ya tatu. Mzee akavua kofia, akalala.

Jumanne vyama vyote viwili vikaja, vikamkuta mzee akikoroma na kugugumia kwa ustadi. Wakalitazama sufuria, wakamtazama mgonjwa, wakakaa barazani, kila chama na mkeka wake. Ndipo Bwana Faki, mwalimu wa chuo cha Kurani na katibu wa Mwavuli, akaomba kuingia amsomee mgonjwa Yasini. Akaingia peke yake. Akainama karibu na uso wa mzee, akaona shavu linatafuna halua.

Wakatazamana. Mzee Khatibu akasahau hata kugugumia. Bwana Faki akainua mto, akakuta sahani, akachukua kipande, akakila taratibu. Kisha akasoma Yasini mpaka mwisho, akatoka akiwa amejipangusa mdomo.

"Hali si nzuri," akawaambia waliokaa nje. "Asiguswe."

Jumatano ikafika. Taa waliwahesabu watu wao, wakawahesabu na wa Mwavuli, wakakuta idadi ni sawasawa, mradi Mzee Khatibu awemo. Wakaja na machela. Watambeba mpaka kituoni, wakasema, aweke alama yake, kisha watamrudisha afie kwake.

Mzee Khatibu akafumbua jicho moja. Chini ya shuka miguu yake ilikuwa imekwisha kuanza safari. Lakini alijua kwamba mtu wa kukata roho hajui kuchagua mbunge. Akipiga kura, itajulikana kuwa ni mzima, na sufuria litakuwa limebebwa kabla ya adhuhuri. Akijilaza, harusi ipo, kura haipo. Akinyanyuka, kura ipo, harusi haipo.

Bwana Faki akasimama mlangoni, akanyoosha mikono.

"Jamani, mwacheni mtu afe kwa heshima."

Watu wa Taa wakaona haya, wakaiweka machela chini. Bwana Faki akaenda zake kituoni, akapiga kura. Mzee Khatibu akageukia ukutani, akalia machozi ya kweli, na waliomwona wakasema saa imefika.

Ijumaa harufu ya pilau ikamponya. Zume akaolewa.

Kura zilipohesabiwa, Mwavuli kikaichukua Kwamzushi kwa kura moja. Kwa kiti cha Kwamzushi kikalichukua Bunge, nalo kwa kiti kimoja. Taa wakakataa. Safari hii hakuna aliyehama chama. Kila mtu alibaki alipo, akatafuta silaha. Vita vikachukua miaka minne, vikachukua na nusu ya nyumba za Kwamzushi, pamoja na waliokuwamo.

Waliosalia waliporudi, walilifukua sufuria kifusini, limebonyea ubavu mmoja tu. Nyumba ya mtunzaji haikuwapo tena. Likae kwa nani?

Bi Mize akasema, "Kwangu. Shauri lilikuwa langu."

Mzee Khatibu akasema, "Kwangu. Wewe ulitoa shauri, mimi nilitoa kura."

Bwana Faki akasema, "Kwangu. Neno langu moja lingewaumbua nyote, nami nililimeza."

"Ulilimeza na halua yangu," akasema Mzee Khatibu. "Ulikuwa ukinihurumia, au ukipiga hesabu?"

Bwana Faki akakuna ndevu. Akasema miaka minne amejiuliza hilo, na hajajijibu.

Ndipo akasimama Zume, ana watoto watatu, wote wakingojea ukoko. Akasema sufuria hili liliokoa harusi moja, na kura iliyolala ili kulilinda ilileta vita. Atakayelibeba alibebe na vyote viwili, aseme mbele ya waliofiwa: ni mimi.

Mikono mitatu ikarudi nyuma. Bi Mize akasema kura haikuwa yake. Mzee Khatibu akasema shauri halikuwa lake. Bwana Faki akasema yeye alisoma Yasini tu.

Na mchele wa harusi ya kwanza tangu vita ulikwisha kuoshwa, moto unawaka, bibi harusi anangoja, na sufuria limekaa katikati ya njia halina wa kulinyanyua.

Haya, mliokaa mkasikiliza, nanyi mna njaa kama wao: kati ya watatu hawa, nani alistahili kulibeba?