Mzee Ngwali Aliyeketishwa kwa Heshima

Paukwa!
Pakawa!
Wa mlangoni mwasikia?
Twasikia!

Hapo kale, katika kijiji cha wakulima, aliishi Mzee Ngwali na bintiye Mize. Watu wakigombania mpaka wa shamba, mzee hakuamua akiwa amekaa. Aliutembea mpaka wote, chwa, chwa, chwa, wagomvi nyuma yake. Wakifika mwisho jua limewachoma, hasira zimewaishia. Kisha mzee alishika jembe akalima, ti, ti, ti, hadi adhuhuri.

Siku moja Mize akawaambia majirani, "Baba amezeeka naye bado analima. Hatuoni haya?"

Wakaona haya. Wakamchongea kiti. Wakamlimia, wakamtekea maji, na kesi zikaletwa pale pale kitini.

"Mwanangu, niache niende japo kisimani."

"Keti, baba. Watu watasema sina adabu."

Akaketi. Masika yakapita, ameketi. Vuli ikapita, ameketi. Miaka miwili ikapita, ameketi.

Ndipo Mize akaona miguu ya baba imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Asubuhi uso umefura. Mkojo haba, tena una povu. Akamwita Bi Siwema, mganga wa mitishamba.

Bi Siwema akambonyeza mzee mguu, akamwangalia uso. "Figo zake zimechoka."

"Zimechoka na nini? Hafanyi kazi yoyote!"

"Ndiyo hiyo, mwanangu. Mwili uliozoea kwenda mmeufunga kitini. Umekuwa mzito, damu imepoa, na figo zimedhoofika pamoja nao."

Mize akamshika baba mkono. "Inuka, baba, twende shambani."

Akainuka. Chwa... chwa... Hatua ya saba akasimama, anahema.

"Tumechelewa, Mize," akasema. "Nami nina kosa. Niliona mnavyofurahi kunitumikia, nikashindwa kukataa."

Mwezi haukuisha, wakamzika.

Kijiji kizima kilimlilia. Mize hakulia mbele za watu. Alikaa jikoni, moto umezimika, akasema peke yake, "Nilikupenda, baba, lakini sikukusikiliza." Aliishi miaka mingi na neno hilo, wala halikupungua uzito.

Basi wanangu, mzee akitaka kutembea, mwacheni atembee. Akitaka jembe, mpeni. Nanyi wenyewe msiuzoeshe mwili kukaa tu kutwa, kwani figo hazipigi kelele zinapoumia.

Hadithi yangu imekomea hapo.