Pengo la Namba

Pengo la namba halizibwi kwa mtu. Mmenisikia nikimwambia binti yangu hivyo, mkacheka, na sasa mnataka kujua msemo huu umetoka wapi. Haya, sogeeni. Chanzo chake ni hospitali moja ndogo ya mlimani, na karani wa mapokezi aliyeitwa Tumsifu.

Tumsifu alipenda mpangilio kupita kiasi. Kompyuta yake ilimpa kila mgonjwa namba yenyewe, inayofuata ile ya mwisho, na ikishatoa namba haiirudii. Asubuhi moja mzee Eliamani alipewa 412, akatolewa damu ya kupimwa kundi, kichupa kikaandikwa namba hiyo, kisha wanawe wakamhamishia mjini. Tumsifu akamfuta kwenye kompyuta. Baada ya 411 ikawa 413, na pengo lile likamkera kama jino lililong'oka.

Mchana akaletwa Sekunda, aliyejifungulia njiani na damu haikatiki. Badala ya kuiacha kompyuta itoe namba, Tumsifu akaandika 412 kwa mkono wake. Akaridhika.

Muda si muda mume wa Sekunda akaja dirishani, macho mekundu.

"Asante, ndugu yangu. Nyie mna kasi! Mke wangu hata hajatolewa damu ya kupimwa, na majibu ya kundi lake la damu yameshatoka. Wanamtundikia damu sasa hivi."

Tumsifu akaitazama tena ile 412. Majibu yale yalikuwa ya mzee! Damu isiyo ya kundi lake ingemuua yule mama. Akatoka mbio hadi wodini, akimwomba Mungu asichelewe.

"Dada Apaikunda, usifungulie!"

Muuguzi hakugeuka. "Toka hapa, Tumsifu. Mama anaisha huyu."

"Majibu si yake! Ni ya mzee aliyeondoka. Namba nimempa mimi, nilitaka kuziba pengo."

Mkono wa Apaikunda ukaganda kwenye mpira wa damu.

Sekunda akapimwa upya. Tumsifu alisubiri mlangoni, kila kilio cha kichanga kikimchoma. Kundi likaonekana ni jingine kabisa. Akatundikiwa damu ya kundi lake, na jioni akaomba uji.

"Pengo lako nusura lizibwe kweli," Apaikunda alimwambia, "kwa mama wa mtoto mchanga."

Tumsifu akarudi mezani kwake. Alimpa Sekunda namba mpya, iliyotolewa na kompyuta. Baadaye karani mgeni alipomuuliza mbona 412 haina mwenyewe, aliinamisha kichwa kwanza, ndipo akasema:

"Iache. Pengo la namba halizibwi kwa mtu."