Binti Aliyebisha Hodi Kwao

Mtu mmoja wa Machame, kwenye mlima Kilimanjaro, alikuwa na binti aitwaye Aikande. Alipokuwa mdogo, hakuna aliyewahi kumsikia akibisha hodi kwao. Aliingia mbio, miguu imejaa tope la mfereji, akajitupa mapajani pa baba yake, na baba akamchomea ndizi kwenye majivu, akaimenya mwenyewe na kuipuliza isimuunguze. Jioni za wakati ule zilinukia moshi na maziwa. Baba aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti nzito, na Aikande akasinzia kabla haujaisha. Hakujiuliza kama anapendwa. Mtoto hajiulizi jambo hilo.

Akakua, akaolewa mbali, huko tambarare. Hakupata mtoto. Mwanzoni wakwe walimvumilia, halafu wakaanza kumsema, kwanza pembeni, baadaye mbele yake. Mume naye akanyamaza, na kimya chake kikamuumiza kuliko maneno. Mwishowe akaambiwa arudi alikotoka. Lakini yale maneno hakuyaacha kule. Alirudi nayo, na alipofika mlimani alikuwa ameshayaamini yote.

Kwao alimkuta kaka yake mkubwa ameoa, na wifi ndiye aliyeshika nyumba. Wifi hakuwa mtu mbaya sana, ila alikuwa na ulimi. Asubuhi moja, akipepeta maharage, alisema, "Waliotoka wametoka. Nyumba haina nafasi ya kurudiwa." Hakutaja jina. Tangu siku hiyo Aikande akawa anasimama mlangoni kwa baba yake na kusema, "Hodi." Mzee, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alijibu kila mara, "Pita, mama." Naye alipita, akaketi karibu na mlango kama mtu aliyeleta ujumbe na anataka kuondoka. Alikata majani ya ng'ombe, akachota maji, akala wenzake wakishamaliza. Hata kanisani alikaa benchi la nyuma na kuomba kwa maneno machache, asije akamchosha Mungu. Mara nyingine, akipita migombani na kusikia watoto wa jirani wakicheka na baba yao, alisimama kidogo. Alimkumbuka yule mtoto wa miguu yenye tope kama mtu anavyomkumbuka ndugu aliyekufa.

Ikafika Krismasi. Watoto wote wa yule mzee walipanda mlimani kutoka walikotawanyika, na wajukuu wakajaa uani. Mbuzi akachinjwa. Ilikuwa desturi ya mzee, kabla ya kula, kuwawekea wanawe mikono kichwani na kuwabariki, mmoja baada ya mwingine. Aikande alibaki jikoni akikoroga mtori wa ndizi na nyama. Alijiambia kwamba mtori ukiachwa utashika chini.

Mzee aliwabariki wote waliokuwa mbele yake, lakini hakuketi. Mikono yake ilibaki hewani, ikitafuta. Chakula kikawa kinangoja. Mwana mkubwa akasema, "Baba, umekwisha kutubariki wote." Mzee akatikisa kichwa, akaita kwa nguvu, "Aikande!"

"Abee, baba." Akaja hadi mlangoni, mikono ina majivu, kanga imelowa. Akawaona wote wakimtazama. Akasema, "Hodi."

Mzee akasema, "Hodi ni ya wageni, mama. Mimi sikuzaa mgeni."

Aikande hakusogea. Yale maneno ya tambarare yalimjia yote kwa pamoja, na alipomtazama wifi yake aliona kama yameandikwa usoni pake. Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka kurudi jikoni. Lakini mikono ya mzee ilikuwa bado hewani, na Aikande akaelewa kwamba haitashuka mpaka yeye afike. Akavuka chumba kizima mbele ya macho yao, akapiga magoti. Mikono ikamtulia kichwani. Alilia, maana uzito wa mikono ile aliujua, na alikuwa amedhani hautamrudia tena.

Baada ya hapo hakupata mtoto, wala mumewe hakumfuata. Wifi aliendelea na ulimi wake. Lakini siku ile Aikande aliketi kando ya baba yake na kula chakula kikiwa bado na moto. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mbele, akaimba. Na hata miaka ilipopita na mzee akazikwa, wanawake waliorudishwa makwao kwa aibu walijua pa kwenda, na Aikande hakuwauliza wamefanya nini. Aliwashika mkono na kuwaingiza ndani.

Mama yangu, dada yangu unayenisikia: ikiwa aliyekuumba ndiye anayekuita karibu naye, unangoja ruhusa ya nani mwingine?