Aliyempunguzia Mama Taabu

Sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Huko Rungwe, ambako mvua haiulizi ni mwezi gani, aliishi mjane aliyeitwa Mama Gwakisa. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufua vitambaa vyeupe vya madhabahu ya kanisa lao. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima wenye maisha yao. Gwakisa, wa kwanza, alikuwa na mikono: hakuna ubao uliomshinda. Tupokigwe, binti wa kati, alikuwa na macho: aliiona shida ya mtu kabla mwenyewe hajaisema. Ambakisye, kitinda mimba, alikuwa na masikio: ukimlalamikia leo, wiki ijayo amekuja na dawa yake.

Mama hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Krismasi moja, mbele ya kaka yake, Mjomba Angolwisye, aliwaambia wanawe: "Nyumba hii ataichukua atakayenipunguzia taabu kuliko wenzake. Na msisubiri nife ndipo mgombane. Gombaneni sasa, nami nione."

Wakacheka. Kisha kila mmoja akaenda kutafuta taabu ya kupunguza.

Gwakisa alianza na jiko la nje. Lilikuwa la nyasi, linavuja, mama anapika amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Akang'oa nyasi zote, akapaua kwa bati. Mama akapika akiwa mkavu, akasema sasa na yeye ni tajiri.

Tupokigwe aliona kwamba giza likiingia, mama huenda choo cha uani tochi ameibana kwa meno. Akanunua taa na waya wa umeme, akamwomba jirani anayejuajua umeme awafungie. Waya ukatoka dirishani, ukalala juu ya ukingo wa bati la jiko, ukafika chooni, na swichi ikawekwa hukohuko. Mama akawa anaona anapokanyaga.

Ambakisye alimsikia mama akinung'unika kwamba kamba yake ya katani imekatika tena, vitambaa vya kanisa vimeanguka topeni, itabidi avifue upya. Akaleta waya wa chuma. Ncha moja akaifunga kwenye msumari wa bati la jiko, nyingine kwenye mti wa parachichi. Hakikuanguka kitambaa tena.

Basi kila sikukuu ikawa mashindano. Ambakisye alimwambia dada yake kwamba urithi unaomfaa ni choo, akakae humo na taa yake. Gwakisa aliwauliza wote wawili, bila bati lake hizo nyaya wangezifunga wapi, hewani? Mama alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi kwa kanga.

Upepo nao ulikuwa na kazi yake. Uliusugua ule waya wa taa kwenye ukingo wa bati, kidogo kidogo, mpaka ganda likaisha. Jumapili moja, wamekaa wanakula, mama akawaambia kwamba kamba ya nguo siku hizi inamng'ata vidole. Gwakisa akasema ni baridi. Tupokigwe akasema apake mafuta. Ambakisye akasema ni kutu, akija tena ataipiga msasa. Watu watatu waliosoma, na wote watatu wakaendelea kula.

Jumamosi iliyofuata mvua ilikatika kidogo. Mama Gwakisa alitoka pekupeku na beseni lake. Jirani alimkuta ameanguka chini ya kamba, kitambaa cha madhabahu bado mkononi. Jirani yule alikuwa na akili, hakumgusa. Alikimbilia kwanza kuzima swichi kuu. Lakini mama alikuwa ameshakwenda.

Msibani kila mtu ni fundi umeme, kwa hiyo wakamwita fundi kweli. Alitazama, akasema bila kupamba: umeme ulivujia kwenye bati, ukapita msumarini mpaka kwenye kamba ya nguo. Kama bati lingefungwa waya wa kwenda ardhini, na nyumba ikawa na kifaa cha kukata umeme unapovuja, mama angekuwa hai. Kama waya wa taa ungepita ndani ya bomba, mbali na bati, angekuwa hai. Kama kamba ya nguo ingekuwa ya katani au ya manila, angekuwa hai. Moja tu kati ya hayo lingetosha.

Siku ya kumaliza matanga, Mjomba Angolwisye aliwaketisha wapwa zake uani. Akawakumbusha kwamba neno la mama yao lilisemwa mbele yake na halikufutwa. Kila mmoja akatazama chini. Walikuwa hodari wa kuidai ile nyumba. Sasa kuidai kulikuwa kukiri.

Tupokigwe ndiye aliyeanza. "Nipe mimi, mjomba. Sikushinda. Lakini mimi ndiye niliyeleta umeme uani, acha nikae nao."

"Acha kujifanya mtakatifu, Tupo," Gwakisa akasema. "Umeme wako ulipita juu ya bati langu. Na mkubwa ni mimi, mimi ndiye niliyepaswa kuangalia."

Ambakisye hakuinua kichwa. "Alikufa ameshika waya wangu," alisema.

Mjomba aliugeuza-geuza ufunguo wa nyumba mkononi. Akimpa mmoja, atakuwa amesema huyu ndiye aliyempenda mama kuliko wenzake, na watu watasikia huyu ndiye aliyemuua. Akiigawa sehemu tatu, amelivunja neno la dada yake, aliyetaka mmoja. Akiifunga, itaozea mvuani, na mapenzi ya watoto watatu yatahesabiwa kuwa kosa tu.

Haya, mmesikia. Yuko aliyemkinga mvua, yuko aliyemwondolea giza, yuko aliyemwokolea vitambaa vyake. Wewe ungekuwa Mjomba Angolwisye, ufunguo ungemkabidhi nani? Na ukimkabidhi, mtazame usoni umwambie: ni zawadi unampa, au ni adhabu?