Shanga za Kangaja

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmemeza ulimi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai.

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana vioo vilikwishakuwepo na meno ya watu yalikwishaoza, Tanga mjini palikuwa na daktari wa meno, jina lake Semkiwa. Chumbani kwake, pale watu wanapongojea zamu, aliweka sanduku kubwa la kioo. Ndani mna maji ya bahari, mchanga, mawe, na samaki. Wagonjwa wanakuja na mashavu yamevimba, wanawatazama samaki. Samaki nao wanawatazama wagonjwa. Wanacheka mpaka mapovu yanawatoka.

Humo aliishi Bi Kamba. Mwili mwekundu, sharubu nyeupe, ndefu hizo! Kazi yake kuwasafisha samaki. Anawakwangua ngozi, anawachokoa meno. Na samaki akishafunua mdomo hana pa kukimbilia. Bi Kamba atauliza tu. Jana uligombana na nani? Mlianzaje? Akasemaje?

Mteja wake wa kwanza kila asubuhi ni shoga yake, Kitatange, samaki wa manjano, mwembamba kama ubao. Siku wasipoonana, siku hiyo haijapambazuka.

Sasa, kando ya sanduku kubwa palikuwa na sanduku dogo. Sheria ya nyumba ilikuwa hii: mgeni akitoka baharini anakaa humo siku arobaini, kama mwanamke aliyejifungua. Hatoki, hatembelewi. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Bi Kamba alijua tu kwamba inamkera. Habari zote za baharini zimekaa pale, na yeye huku roho inamdunda!

Siku moja akaletwa samaki mgeni, Kangaja. Buluu, mkia wa njano. Siku ya kwanza Bi Kamba akamtazama. Siku ya pili akamtazama. Siku ya tatu akagonga kioo, ko ko ko.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna habari gani huko?"

"Nyingi, bibi! Pweza kamwacha mkewe. Lakini kioo hiki..."

"Kamwacha? Kwa sababu gani? Ruka! Mfuniko uko wazi. Ruka, mwanangu, mimi mtu mzima nakwambia!"

Kangaja akarudi nyuma. Akajipinda. Chupwi! Huyo yumo.

Asubuhi daktari akamkuta, akacheka. "Umejileta mwenyewe? Haya, kaa." Naye mtu wa kusoma, jamani!

Siku mbili zilikuwa habari tupu. Siku ya tatu Kangaja akaamka ana madoa. Meupe, madogo, kama chumvi iliyonyunyizwa kwenye embe.

"We!" Kitatange akasema. "Shanga hizo umezitoa wapi?"

Kangaja zilikuwa zinamwasha hatari. Lakini mgeni akaona haya. Akasema, "Ndio mtindo wa baharini siku hizi."

Looo! Mngewaona. Kila samaki akataka shanga. Na kwa kweli wakazipata. Kikande, yule mwenye meno na makelele, akaamka akipiga kelele, "Ninazo tano! Ninazo tano!" Kesho yake, "Ninazo thelathini! Nani ananifikia?" Kitatange naye akapata, mbili shavuni, moja kwenye pezi. Akawa anapita mbele ya kioo polepole, aonekane.

Bi Kamba peke yake hakupata hata moja.

"Ganda lako gumu, bibi," Kikande akamcheka. "Shanga zinataka ngozi laini."

Ikamuuma. Siku hiyo akimsafisha Kitatange, mkono ukamponyoka makusudi. Akaibana shanga moja ya shavuni. Kwe, kwe, kwe. Haing'oki.

"Shoga! Unaniibia?"

"Naikagua tu. Mbona imeota ndani ya ngozi?"

"Wivu huo."

Bi Kamba akaliachia shavu, lakini akili yake haikuiachia shanga. Shanga gani isiyo na uzi, iliyoota ndani ya nyama?

Samaki wakaanza kujikuna kwenye mawe. Kwaru! Kwaru! Halafu siku moja, shanga zote zikadondoka. Samaki wakalia kama waliofiwa. Bi Kamba akashuka mchangani kutafuta. Mnadhani alikwenda kuchunguza? Alikwenda kuokota ya kwake avae!

Akaipata moja. Akaificha chini ya jiwe, maana aliona haya kuonekana nayo. Kila wagonjwa walipokuja, samaki wakienda kuwatazama, yeye huyo chini ya jiwe.

Siku ya kwanza akachungulia. Imetulia. Siku ya pili akachungulia. Imevimba. Siku ya tatu, imevimba zaidi. Siku ya tano akaigusa kwa sharubu, na ndani kitu kikamtekenya. Siku ya saba, pwa! Ikapasuka. Wakatoka vijidudu, wadogo kuliko vumbi, mamia kwa mamia. Wakamgonga Bi Kamba, wakampita. Wakapanda juu, moja kwa moja, kwa samaki.

"Kumbe zinakula!" akasema. "Kumbe shanga zina njaa!"

Akawakimbilia. "Jamani, si shanga hizo! Ni wadudu! Wanawala nyie!"

"Wivu!" samaki wakajibu. "Wivu! Wivu!"

Kesho yake shanga zikarudi, mara kumi ya zile. Kikande alikutwa amelala ubavu mchangani, na shanga zake zote amevaa. Hakuamka. Na Kitatange yuko juu ya maji, anahema. He, he, he. Hana hata nguvu ya kufunua mdomo.

Hapo hakuna aliyecheka. Kangaja akaja, kichwa chini. "Bibi, si mtindo. Ziliniwasha tangu kule. Niliona haya kusema."

"Na mimi ndiye niliyekuita," Bi Kamba akasema. "Tena kwa habari za pweza." Akamtazama shoga yake. Akafikiri. "Hawa wadudu mimi walinigonga, wakanipita. Wanataka samaki. Je, wasipomkuta samaki?"

"Watakufa njaa," Kangaja akasema.

"Basi ndiyo maana ya ile arobaini! Tokeni! Wote! Rukeni kule sanduku dogo, mniachie mimi na njaa yao!"

Kangaja akatangulia. Chupwi! Mwingine, chupwi! Na mwingine, chupwi! Watu wenye mashavu yaliyovimba wakasimama. Daktari akatoka na koleo mkononi, akatazama, safari hii akatazama sawasawa. Akachukua wavu, akamchota Kitatange taratibu, akamtia kule. Akatia dawa kwenye sanduku dogo, akijisemea kwamba hiyo huunguza kamba. Bi Kamba akajikaza ili arukie huko.

"Usije, bibi!" Kangaja akapiga kelele. "Daktari kasema dawa hii itakuunguza wewe! Kaa huko huko!"

Akabaki.

Siku arobaini Bi Kamba alikaa peke yake na mchanga. Hana wa kumsafisha, hana wa kumuuliza. Chini ya mawe shanga zinapasuka, pwa, pwa, vijidudu wanapanda, wanazunguka, hawamkuti samaki, wanakufa. Kila asubuhi alikuwa anagonga kioo, ko ko ko. Maji ya dawa yalikuwa na ukungu. Haoni kitu. Shoga yake yu hai? Hajui.

Siku ya arobaini na moja wavu ukashuka. Akatoka Kangaja. Wakatoka wengine. Wavu ukarudi juu, ukakawia. Bi Kamba akapanda juu ya jiwe achungulie.

Ukashuka tena. Kitatange! Pezi limemong'onyoka, shavuni ana makovu mawili. Akaogelea mpaka pale pale pao, akafunua mdomo.

"Haya, shoga. Kuna habari gani?"

Bi Kamba akamchokoa jino la kwanza, la pili. "Sina," akasema. "Nina wewe."

Wiki iliyofuata akaletwa mgeni mwingine sanduku dogo. Ko ko ko! Safari hii mgeni ndiye aliyegonga. "Bibi! Mke wa pweza kaolewa tena! Kaolewa na..."

Sharubu za Bi Kamba zikasimama wima. Zikatetemeka. Akazishika kwa mikono yote.

"Iweke, mwanangu. Utaniambia siku ya arobaini na moja."

Basi wanangu, na nyie wazazi wao mnaojifanya mmelala: mgeni mpokeeni kwa furaha, lakini kwanza mpeni muda ajulikane ana nini. Na kinachokuwasha, usikivae kama pambo. Sema.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kioo cha Semkiwa. Mke wa pweza aliolewa upya na nani? Rudini siku ya arobaini na moja.