Magunia Arobaini ya Thabiti na Mkate wa Ijumaa

Inasimuliwa, na wanaoisimulia vinginevyo waliokota nusu njiani, kwamba katika mji wa Wasiti wa zamani aliishi mfuma mazulia mcha Mungu, Thabiti bin Wahbi, na mkewe Rumaisa, aliyepofuka angali msichana. Miaka ishirini waliweka dirhamu mtungini, kidogo kidogo, wapate kwenda Hija wote wawili. Lakini mtungi ukipanda shibiri, nauli ya ngamia hupanda dhiraa.

Hofu ikamwingia Thabiti. Akawaza, "Siku mtungi huu utakapojaa, hautatufikisha hata lango la mji." Akaumimina wote, akanunua magunia arobaini ya ngano, akayapanga chumbani hadi darini. Hakukusudia kuwauzia watu ghali, hasha. Alikuwa akiilinda Hija ya mkewe. Nafsi ya mja haikosi udhuru.

Basi mtaani kwao ilikuwapo ada: kila Ijumaa jirani humpelekea jirani mkate mmoja. Wao walipelekewa na Ummu Kulaibu, mjane mwenye watoto watano. Rumaisa huupima mkate ule viganjani, akaijua hali ya mji kuliko wenye macho.

Ijumaa moja akasema, "Mkate wa Ummu Kulaibu umekonda." Iliyofuata akasema, "Leo umekuwa kama kiganja cha mtoto." Ya tatu, Thabiti hakuuona mkate.

"Nimemrudishia, bwana wangu," akasema Rumaisa taratibu. "Yule ananyonyesha."

Thabiti akatoka, akaketi kwa kinyozi wa sokoni anyolewe.

"Ngano imepanda maradufu kwa nini?" akauliza. "Mvua si imenyesha?"

"Imenyesha, mzee wangu, na kilemba changu hakijakauka. Lakini kuna mcha Mungu mmoja kule kwa wafuma mazulia, mtu wa swala, hana makuu. Kajaza ngano nyumba nzima. Mtu kama yule hanunui bure, lazima kaoteshwa ndotoni kuwa njaa inakuja. Watu wote wananunua. Mimi nina magunia matatu chini ya godoro, kitandani napanda kwa ngazi."

Thabiti akainuka, kichwa nusu upara nusu nywele, akasimama katikati ya soko.

"Enyi ndugu zangu, mtu huyo ni mimi. Sikuoteshwa kitu, niliogopa tu. Ngano yangu iko mlangoni, kwa bei ileile niliyonunulia."

Watu wakamcheka kichwa. Mwenye gunia akalitazama gunia lake, akaona laweza kumdodea, akaharakisha kuliuza. Siku ya tatu bei ikarudi pale ilipokuwa.

Dirhamu zikarudi mtungini, zilezile. Nauli ya ngamia haikushuka.

"Huenda tusifike, bibi," Thabiti akasema.

Ijumaa mkate ukaja, ungali na moto. Rumaisa akaupokea kwa mikono miwili, akaupima, kisha akauweka viganjani mwa mumewe.

"Unausikia uzito wake?"

"Nausikia."

"Basi safari tumeshaianza."

Kama walifika Makka au hawakufika, wasimulizi wamehitilafiana. Lakini ndugu yangu, riziki ya kesho iko kwa Mola, haijashuka. Hofu yake ndiyo hushuka leo, na huanza kula mkate wa jirani. Mwenyezi Mungu awarehemu wawili wale, na atutulize nyoyo kabla hatujafunga milango.